Inchi Kumi na Tano

Victoria, tarehe 6 Februari 1972

Mpendwa Thordis,

Niwie radhi kwa kunyamaza muda mrefu. Barua zako tatu, ya Oktoba, ya Novemba na ya Krismasi, zimekaa juu ya meza yangu zikinitazama kama wageni ambao hawajapewa kahawa. Ningeweza kukuandikia kwamba mkono uliniuma. Mkono hauniumi. Ningeweza pia kuilaumu posta, lakini posta ina makosa yake ya kutosha. Sikukujibu kwa sababu sikutaka kukujibu.

Tu wazima. Shangazi yako Rannveig amejiunga na kwaya ya kanisa la Waingereza na sasa anaimba jikoni, jambo ambalo mkataba wetu wa kuishi pamoja haukulitaja. Mvua hainyeshi wala haiachi. Wiki iliyopita Rannveig alioka vinarterta, ile keki yetu ya Kiaislandi, yenye matabaka matano. Nikamwambia kwamba matabaka ni saba. Akasema, "Salome, tuko wawili tu." Nikamjibu kwamba idadi ya walaji haibadilishi idadi ya matabaka. Hatukuzungumza hadi Jumanne.

Sasa nije kwenye ombi lako. Umeniandikia kwamba kamati ya mji wa Sandvik inataka kutundika kibao cha shaba ukutani mwa maktaba niliyoichora mwaka 1929, kwa sababu nilikuwa mmoja wa wanawake wa kwanza upande ule wa nchi kuruhusiwa kutia sahihi ramani ya jengo. Umeniandikia pia kwamba wewe ndiye utakayechora kibao hicho pamoja na bango la sherehe, na kwamba picha itakuwa dirisha la chumba cha watoto.

Nawashukuru. Dirisha hapana. Maktaba ile ina ngazi nzuri. Ina paa ambalo halijavuja tangu lilipoezekwa, na kwa theluji ya huko hilo si jambo dogo. Chora ngazi. Chora paa.

Neno moja zaidi: katika barua ya Novemba umeweka alama tatu za mshangao mfululizo. Moja inatosha kwa mtu mwenye afya.

Msalimie kaka yangu Magnus na mama yako.

Shangazi yako,
Salome Hjaltason


Winnipeg, 3 Machi 1972

Shangazi mpendwa,

Barua yako imefika! (Umeona? Moja tu.) Baba aliponiona nimeishika akauliza, "Kafa nani?" Nikamwambia hajafa mtu, ni Shangazi ameandika. Akasema, "Basi kuna jambo."

Yeye mwenyewe aliteleza kwenye barafu mbele ya duka la dawa, akaumia kiwiko cha kushoto na heshima yote. Wanawake wawili walimwinua, na hilo ndilo linalomuuma zaidi. Mama anasema umwambie Rannveig kwamba hata yeye siku hizi anaoka matabaka matano. Mimi nimekuandikia kama nilivyotumwa, msinigombanishe.

Sasa Shangazi, ngazi? Paa? Nani atasimama barabarani kutazama bango la paa?

Ngoja nikueleze nilipo. Huu ni mwaka wa sita niko katika ofisi ya Bwana Pettigrew. Wenzangu wanaume wanachora mabango, mimi nawaandikia herufi. Mteja akija, Bwana Pettigrew hunionyesha kwa kidole na kusema, "Na huyu ndiye binti yetu wa herufi," kana kwamba ananionyesha mashine mpya. Hili bango la Sandvik ni la kwanza ambalo ni langu tangu karatasi ikiwa tupu. Amekubali jina langu liandikwe chini kwenye kona. Hakuna mwanamke aliyewahi kuandikwa kwenye kona ile. Nimekwisha kulichora: dirisha pana, limeshuka karibu sakafuni, na nyuma ya kioo paji la uso na macho mawili ya mtoto. Juu yake, maneno yako mwenyewe.

Maana hadithi hiyo Sandvik nzima wanaijua, hata wasiosoma vitabu. Wazee wa baraza walikuja kukagua jengo, mwenyekiti wao akapiga ubao wa dirisha kwa fimbo akasema, "Bibi mdogo, dirisha hili umewachorea mbwa?" Nawe, miaka thelathini tu, ukamtazama ukasema: "Watoto nao wana macho, Bwana."

Baba huisimulia kila Krismasi. Nilipokuwa na miaka minane niliamua nitafanya kazi ya kuchora kwa sababu ya sentensi hiyo. Kamati inataka maneno hayohayo kwenye kibao. Sasa niambie, kwa nini dirisha hapana?

Nakupenda, na nangoja,
Thordis


Victoria, tarehe 2 Aprili 1972

Mpendwa Thordis,

Nimesikitika kusikia habari za kiwiko cha Magnus. Mwambie avae viatu vyenye misumari kama watu wengine wenye umri wake. Rannveig amesoma sehemu ile ya matabaka matano kwa sauti, mara mbili, kisha akaenda zake bustanini akiimba.

Hujaniuliza swali gumu. Umeniuliza swali rahisi, na jibu lake ndilo gumu. Kabla sijakujibu, nakuomba unifanyie kazi moja. Nenda Sandvik. Chukua utepe wa kupimia, wa chuma, si wa nguo, kwa kuwa wa nguo huvutika. Pima kutoka sakafuni hadi ubao wa chini wa dirisha la chumba cha watoto. Kisha nenda chumba cha watu wazima, upime dirisha la huko vivyo hivyo. Uniandikie vipimo vyote viwili. Usiwaambie kwa nini. Hutakuwa umedanganya, kwa sababu hutajua.

Waulize pia kama ramani zangu bado zipo. Niliwaachia nakala.

Unaweza kushangaa kwa nini sikumbuki vipimo vya jengo langu. Navikumbuka. Nataka kujua kama wewe utaona ninachokiona.

Utashangaa vilevile kwamba sijawahi kuingia katika maktaba ile tangu siku ilipofunguliwa. Nilipokuwa naishi Winnipeg ilikuwa mwendo wa saa mbili. Nilikuwa nikitoa sababu mbalimbali. Zote zilikuwa na sarufi nzuri.

Shangazi yako,
Salome


Winnipeg, 7 Mei 1972

Shangazi mpendwa,

Nimekwenda, nimepima, nimerudi na matope hadi magotini. Barafu ya ziwa ilikuwa inavunjika siku hiyo hiyo, na Sandvik yote ilikuwa ufukweni ikibishana itakwisha lini. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Hallgrim, amesema Alhamisi. Anasema Alhamisi kila mwaka.

Maktaba ilifunguliwa na mkutubi, Bi Jorunn. Bila shaka unamkumbuka baba yake, mzee Ketill Oddleifsson, seremala aliyeijenga. Bi Jorunn alinitazama nilivyopiga magoti na utepe wangu, akasema:

"Binti wa Magnus, umepoteza kitu?"

"Hapana, napima."

"Unapima nini? Dirisha haliendi popote."

"Nimetumwa na Shangazi."

"Aha," akasema, "basi pima vizuri, maana huyo atajua." Akaenda kuweka kahawa.

Vipimo ni hivi. Chumba cha watoto: inchi kumi na tano. Chumba cha watu wazima: inchi thelathini. Nusu kamili! Nimefurahi sana kuona hivyo. Ni kama wimbo, Shangazi: mtu mzima thelathini, mtoto kumi na tano. Nimemwonyesha Bwana Pettigrew, akasema, "Huyu mwanamke alikuwa na akili ya hesabu." Nimeanza kufikiria kuziweka namba hizo kwenye bango.

Nilipokuwa pale waliingia watoto wanne kutoka shuleni. Hawakwenda kwenye viti. Wote waliketi juu ya ubao wa dirisha, migongo kwenye fremu, viatu vya matope juu ya rangi nyeupe, na Bi Jorunn akaendelea kumimina kahawa. Ubao umelika katikati kama ngazi ya kanisa. Nilitaka ujue hilo.

Ramani zipo, kabatini, chini ya vitabu vya mapishi. Bi Jorunn ameniazima ile ya upande wa ziwa niitumie kwa bango. Kuna alama juu yake ambayo sikuielewa, lakini hilo linaweza kungoja.

Vipimo umevipata. Sasa zamu yako. Bango linaingia mtamboni mwishoni mwa Juni.

Thordis wako


Victoria, tarehe 28 Mei 1972

Mpendwa Thordis,

Ahsante kwa vipimo. Ni sahihi. Ndiyo maana nimechukua wiki mbili na siku kadhaa kukujibu.

Rannveig hajambo. Waridi zimechanua mapema. Nimemaliza habari za familia.

Umeandika kwamba nusu kamili ilikufurahisha. Mimi hunitia jasho. Unaifahamu rula yetu wachora ramani, ile yenye pande tatu. Upande mmoja robo ya inchi huhesabiwa futi moja. Upande mwingine thumni ya inchi, nusu ya robo ile, ndiyo futi moja. Ramani ya maktaba niliichora kwa robo. Alasiri moja ya Machi 1929, nikiwa peke yangu ofisini na nimechoka, nilichukua rula kuweka alama ya dirisha la chumba cha watoto. Nilikusudia inchi thelathini, kama la watu wazima, kama madirisha yote ya heshima ya wakati ule. Rula ilikuwa imegeuka. Nilipima kwa thumni. Dirisha likakaa nusu ya kimo chake.

Kesho yake nilipima mchoro kwa upande ulio sahihi ili niandike namba. Rula iliniambia kumi na tano. Nikaandika kumi na tano. Mkono wangu uliandika na kichwa changu hakikuuliza. Nimewasahihisha watu maisha yangu yote, Thordis, kwa sababu najua namna kosa linavyoingia: huingia kimya, na huandikwa kwa mwandiko mzuri.

Sikugundua hadi siku ya ukaguzi, mwenyekiti wa baraza alipogonga ubao kwa fimbo. Niliona papo hapo. Niliona hata rula ilivyolala mezani. Na nikasema yale maneno ambayo baba yako huyasimulia kila Krismasi.

Ulikuwa uongo. Sikuwa nimewafikiria watoto hata kidogo. Nilikuwa nimefikiria mpangilio wa ukuta na bei ya kioo.

Nitakueleza sababu, nawe usiichukue kuwa udhuru. Mwaka ule palikuwa na msichana mmoja katika chuo cha usanifu, peke yake kati ya wanaume. Profesa wake alimwambia kwamba angengoja aone maktaba ya Bibi Hjaltason itasimamaje, ndipo aamue kama inafaa kupoteza kiti darasani kwa mwanamke mwingine. Barua ya msichana huyo ilikuwa katika mkoba wangu wakati fimbo ilipogonga ubao. Aliendelea na masomo, akaja kujenga hospitali mbili nzuri kuliko kitu chochote nilichojenga mimi. Hakuwahi kujua, na ameshafariki.

Basi ndivyo ilivyo. Maisha yangu yote nimesema uongo mmoja, nao ndio mnaotaka kuutia katika shaba.

Sitauruhusu. Chora ngazi.

Salome


Winnipeg, 9 Julai 1972

Shangazi,

Sasa ni zamu yangu kuomba radhi kwa kunyamaza. Niliandika barua mbili nikazichana. Ya kwanza ilikuwa na alama nyingi za mshangao.

Tuko salama. Kiwiko cha Baba kimepona, kwa hiyo amepoteza mada. Nzi wa ziwa wamefika Sandvik. Ni wengi hadi wanasombwa kwa koleo barabarani.

Nitakwambia kweli, kwa kuwa wewe umeniambia. Barua yako ilipofika bango lilikuwa tayari, limekubaliwa, jina langu kwenye kona. Niliisoma barua nimesimama koridoni, na wazo langu la kwanza lilikuwa: nani atajua? Ni wewe na mimi tu. Ningelipeleka mtamboni, nikwambie posta ilichelewa. Nilikaa na wazo hilo siku nne. Liliniletea hamu nzuri ya kula.

Kilichonirudisha ni ile alama. Kwenye ramani yako, kando ya namba 15 uliyoiandika kwa wino, kuna alama ya kuuliza kwa penseli nene ya seremala. Juu ya alama hiyo kumepigwa mstari mmoja, kwa penseli ile ile. Mtu aliuliza, kisha akafuta swali lake. Nilikuwa nimeiona tangu Mei nikadhani ni uchafu. Baada ya barua yako nilielewa kwamba hatukuwa wawili tu.

Nikamwendea mzee Ketill. Ana miaka themanini na saba, anakaa na Bi Jorunn, bado anakunywa kahawa kwa kuibana sukari menoni. Niliifungua ramani mezani.

"Alama hii ni yako, Mzee?"

Akavaa miwani, akavua, akavaa tena. "Imetunzwa vizuri," akasema.

"Ulikuwa unauliza nini?"

"Wewe umetumwa na Salome au umekuja mwenyewe?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Basi kaa. Aliyetumwa hujibiwa amesimama."

Akanisimulia. Alipofika kwenye ukuta ule aliona namba, akajua mara moja kwamba ni kosa. "Seremala anayetegemea ramani peke yake hajengi, anafuata tu," alisema. Akaweka alama ya kuuliza, akapanga kukupigia simu Winnipeg siku inayofuata. Ukuta ulikuwa fremu tupu. Adhuhuri Jorunn, miaka sita, alimletea kahawa yake. Alipoona ile nafasi wazi akaenda kuketi ndani yake, miguu ikining'inia nje, akasema, "Baba, naliona ziwa lote."

"Nyumbani kwetu," mzee akaniambia, "alikuwa hawezi kuona ziwa mpaka anyanyuliwe. Kila siku: Baba ninyanyue, Baba ninyanyue. Siku ile hakuniomba. Nikachukua penseli nikafuta swali, nikapigilia misumari kabla akili haijanirudia."

"Na siku ya ukaguzi?"

Hapo alicheka mpaka sukari ikamtoka. "Nilikuwa nyuma yao na nyundo yangu! Nilikuwa namngoja aseme amekosea, ili na mimi niseme kwamba nilijua. Mara akasema watoto nao wana macho. Nikajua anadanganya. Lakini uongo huo aliusema vizuri mno, binti, nikaona ni dhambi kuuharibu."

"Miaka arobaini na mitatu hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba nilikuta kosa la bibi yule nikalipenda?"

Bi Jorunn alikuwa mlangoni na birika. Ameketi katika dirisha lile maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kumwambia. Aliweka birika chini, akamkazia macho baba yake, akasema, "Wewe mzee wewe," kisha akaingia jikoni, na tulimsikia akivuta makamasi kwa muda.

Shangazi, nimelichana bango langu. Jipya ni hili, nimekutumia nakala: karatasi nyeupe, na katikati, kubwa kama mlango, namba 15 ya mwandiko wako na alama ya kuuliza ya Ketill iliyopigwa mstari. Hakuna kingine. Bwana Pettigrew alilitazama, akauliza:

"Unaweka kosa katikati ya bango?"

"Ndiyo, Bwana. Tena kubwa."

"Na jina lako unalitaka hapo chini?"

"Hasa hapo."

Akasema hawezi kuipelekea kamati bila maelezo, na maelezo si yake wala si yangu. Ni yako. Kamati inakutana tarehe 24 Agosti. Sherehe ni tarehe 30 Septemba. Bwana Hallgrim bado anajua hadithi ya zamani tu. Ukisema tunyamaze, nitachora ngazi, na sitakulaumu. Ukisema tuseme, nadhani wengine watakasirika, na huenda kibao kisiwepo kabisa.

Mzee Ketill anakusalimu. Anasema dirisha halijawahi kuvuja.

Thordis


Victoria, tarehe 6 Agosti 1972

Mpendwa Thordis,

Bango limefika bila kukunjwa. Nimelisimamisha jikoni dhidi ya kabati la sahani. Rannveig aliliona akauliza ni nini. Nikamwambia kwamba ni mimi na Ketill Oddleifsson. Ndipo nikamsimulia yote, tangu rula hadi fimbo. Tumeishi pamoja miaka kumi na moja. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Salome, umenisumbua kuhusu matabaka saba ukiwa na jambo hilo moyoni?" Jioni hiyo nilikula vinarterta ya matabaka matano. Usimwambie mtu, ni nzuri.

Miaka arobaini na mitatu nilidhani nalibeba kosa lile peke yangu. Kumbe tulikuwa wawili, kila mmoja upande wake wa ukuta. Nimekasirika kidogo. Angeniambia, ningeingia katika jengo langu mwenyewe. Lakini nimefikiria pia kwamba angenipigia simu siku ile, ningemwambia alirekebishe, na Jorunn angeendelea kunyanyuliwa. Kwa hiyo nimemsamehe, naye atanisamehe kwa kuchukua sifa yake muda wote huu. Mwambie hivyo kwa sauti ya juu. Nasikia masikio yake yamechoka.

Kuhusu siku nne ulizokaa na wazo lako: mimi nilikaa na langu muda mrefu zaidi. Hatutalizungumza tena.

Mosi, sentensi yangu ya zamani haitaandikwa mahali popote. Badala yake napendekeza hii kwa kibao: "Mwaka 1929 Salome Hjaltason alikosea kipimo cha dirisha hili. Ketill Oddleifsson aliliona kosa akaliacha, kwa ajili ya mtoto aliyekuwa ameketi ndani yake." Nimeipima mara tatu, kwa upande ulio sahihi wa rula. Usiongeze neno. Hasa usiongeze alama ya mshangao.

Pili, leo hii, kwa posta hii hii, nimemwandikia Bwana Hallgrim na kamati yake. Nimewaeleza kila kitu kama nilivyokueleza. Barua iko sandukuni, na Rannveig ameshuhudia, maana nilimwomba anishike mkono ili nisiirudishe. Kwa hiyo usihangaike kuniuliza kama tuseme. Nimeshasema. Wakikasirika, wana haki. Wakiamua kwamba mwanamke aliyekosea hastahili shaba, waambie nimekubali, na wamwekee Ketill kibao chake. Lakini wewe usilibadilishe bango hilo kwa sababu ya mtu yeyote, na jina lako kwenye kona liandike kubwa kidogo kuliko ulivyoliandika. Nililazimika kutumia kioo cha kukuzia.

Limebaki suala la mimi kuja kwenye sherehe. Bi Jorunn ameniandikia kadi yenye mstari mmoja: "Njoo uketi." Treni ni siku mbili na zaidi, nami nina umri wa miaka sabini na mitatu. Kuna pia mlango ule wa maktaba, ambao nimeupita kwa mbali mara nyingi sana kwa makusudi. Sijaamua, wala usimruhusu Magnus anipigie simu kunihimiza.

Lakini nakuomba kipimo kimoja zaidi. Inchi kumi na tano ni kimo kizuri kwa magoti ya mtoto. Ketisha pale mwanamke mwenye umri wangu, ukimpata aliye tayari, uone kama anaweza kuinuka bila kushikwa mkono. Ikiwa hawezi, pima kama kuna nafasi ya mtu wa pili kuketi kando yake, anayeweza kumwinua, na aliyewahi kunyamaza miaka arobaini na mitatu.

Nikishaamua, nitakuandikia.

Shangazi yako,
Salome